Mpangaji wa Jani

Mto Nyando ulipofurika mara ya pili mwaka ule
Wilikista alifika kwetu Ahero na beseni moja,
la bluu, lenye ufa uliozibwa kwa nta ya mshumaa.
Ndani yake leso, kitambulisho kilicholowa, bata jike,
na juu ya maji yaliyotuama chini,
vijani.
Hata ukucha wa kidole cha mwisho ulivizidi.

Mama alisema, mgeni siku mbili.
Siku ya tatu jembe aliliomba mwenyewe,
akaniuliza jaruba lipi limechoka.
Nikamwonyesha la kona, karibu na mfereji,
ambalo baba aliwaachia vyura.
Akamwaga beseni.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na chumba changu,
hadi usiku ule.
Nikahamia jikoni, kati ya magunia.
Nilizihesabu siku zake ukutani kwa mkaa:
nane, kumi na tisa, arobaini.
Naye alihesabu vijani vyake.
Jumatatu kiganja. Alhamisi viganja viwili.
Jumapili, tukitoka kanisani, vinne.
Kabla mvua ndogo hazijaja maji hayakuonekana tena;
bata alilipasua zulia akipita,
nalo likajifunga nyuma yake bila kovu.

Obuya wa ng'ambo ya mfereji alikuja na reki.
"Hili gugu la ziwa! Limetoka Dunga kutufuata huku!"
"Si gugu," Wilikista akasema. "Ni kangaga.
Kangaga lisilojua kusimama. Linaitwa azola."

Halina ua. Halina mbegu.
Mizizi inaning'inia majini
kama nyuzi za nguo isiyopigwa pindo.
Akaniwekea jani moja juu ya ukucha:
"Humu mna chumba. Usikitafute, hutakiona.
Ndani anaishi mdudu, na hata mdudu ni jina kubwa mno kwake.
Anakula jua, anameza hewa,
anatoa mbolea kama mtu atoavyo kodi.
Hakuna aliyemwona akihamia.
Jani likizaa, mtoto huzaliwa na mpangaji wake ndani."

Nikauliza kwa ukali, nikijua ninachouliza:
Na hatoki?

Akautazama mlango wa chumba changu.
"Nje hawezi tena kuishi peke yake," alisema.
"Amesahau."

Msimu ule mbolea ya dukani tulinunua nusu mfuko.
Mpunga wa kona ulisimama, kijani chake kikikaribia weusi;
mbu walipungua, bata wakawa saba.
Obuya alikuja usiku na ndoo, akidhani hatumwoni.
Wilikista alimwona. Akamshikia taa.

Januari jua lilipokaza
zulia liligeuka jekundu, jekundu la matofali.
Nilikimbia kumwita: linakufa!
"Halifi. Limekasirika tu.
Kila akaaye sana mahali
ana siku zake za kuwa mwekundu."

Sasa mpangaji ni mimi, Nyalenda,
chumba cha mabati, kodi tarehe tano.
Mama alipougua nilituma pesa kwa simu
nikajiita mwana.
Aliyemgeuza kitandani miezi saba,
aliyejua upande upi una kidonda,
si mimi.

Baada ya mazishi wajomba waliita kikao:
huyu mwanamke ni nani hapa, na anaondoka lini?
Wote wakanigeukia.
Nikatafuta neno. Jirani halikutosha.
Mgeni lilikuwa limeoza zamani.
Dirishani niliona beseni la bluu limeegemezwa ukutani,
nta bado imeshika.

Nikasema, aliyehama ni mimi.

Kisha nikatoka na kopo,
nikachota kiganja kimoja cha kupeleka mjini,
nisijue hata nitakiweka wapi.